Nebula ya Jabari: kwenye darubini kijivu, kwenye simu waridi. Nani mwongo?

#1 PaaLaTudor
Salamu wadau. Naishi Tudor, ghorofa ya nne, na paa la nyumba ni la wote: matangi ya maji, kamba za nguo na paka asiye na mwenyewe. Miezi miwili iliyopita nilipata darubini ya mtumba, ya kioo, upana milimita 130, fokasi 650. Mwezi nimeshautazama mpaka tumezoeana, na Mshtarii na vijimwezi vyake vinne.

Juzi usiku, kama saa nne na nusu hivi, stima ikapotea mtaa mzima. Nikapanda juu mbio. Jabari, lile kundi la nyota, alikuwa utosini kabisa. Nikaelekeza kwenye upanga wake, kando ya zile nyota tatu za mshipi, kikaingia kiwingu chenye mabawa mawili, ndiyo hiyo nebula, wingu la gesi na vumbi huko kwenye nyota, na katikati yake nyota nne zimesongamana kama punje za mtama. Nilipiga kelele peke yangu.

Watoto wa jirani wakaja, wakapanga foleni. Mdogo wao, miaka tisa, akachungulia mpaka jicho likamtoka machozi, kisha akaniambia: "Ami, huu ni moshi tu. Kwenye kitabu changu ni nyekundu." Nikafunga simu kwenye lenzi ya jicho, ile ndogo ya kuchungulia, nikaweka hali ya usiku, sekunde kumi. Picha ikatoka ya waridi, pembeni kama zambarau. Mtoto akatazama simu, akatazama lenzi, halafu akanitazama mimi kama mtu aliyemwibia kete za bao.

Swali langu: kipi cha kweli? Jicho au simu?

#2 Kaskazi78
Simu ndiyo mwongo, hata usihangaike. Yangu nikipiga picha ya wali mweupe unatoka kama pilau. Simu za siku hizi zimefundishwa kupaka rangi. Jicho alilokupa Mola halina programu.

#3 ChakiNaUbao
Kaskazi78, umehukumu kabla kesi haijasomwa. Nyuma ya jicho kuna chembe za aina mbili zinazopokea mwanga. Koni, kama milioni 6, ndizo zinazojua rangi, lakini zinataka mwanga wa kutosha. Rodi, karibu milioni 100, ndizo za gizani, na hizo hazitambui rangi hata moja. Nebula ni hafifu, koni zimelala, zamu wameshika rodi peke yao. Ndiyo maana unaona umbo bila rangi.

Jaribu nyumbani. Chukua leso nyekundu na leso ya kijani, zima taa zote, ngoja robo saa, uniambie ipi ni ipi. Utaona iliyo nyeusi zaidi ni ile nyekundu.

#4 Bi_Mwanamvita
Hilo la leso nalijua bila kusomeshwa, mwalimu. Stima ikipotea, asubuhi najikuta nimejifunga kipande cha doti hini na kujitanda kipande cha doti nyingine, na mume wangu yuwacheka mpaka chai yamwagika. Mato yangu ndiyo hayo hayo yaliyotunga uzi kwenye sindano jana mchana.

Marehemu baba alikuwa nahodha. Akituonyesha Kilimia, akatwambia msimu. Hicho kiwingu mnachokisema ndicho Kilimia?

#5 JaaNaSuheli
Sicho, mama. Kilimia ni kile kichungu cha nyota sita au saba, kiko upande wa kaskazini-magharibi mwa Jabari. Ndicho cha "Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua." Kiwingu cha PaaLaTudor kiko kwenye upanga wa Jabari mwenyewe, na ukiwa na macho mazuri nje ya mji unakiona bila darubini, kama nyota ambayo haikupanguswa vizuri.

Ila Kilimia nacho kwenye picha kina mawingu, ya buluu. Hayo hayawaki yenyewe, ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota. Ya Jabari gesi yake inawaka kwa kuchomwa na zile nyota nne.

#6 FundiLenzi
PaaLaTudor, nimeiona picha yako. Nyota zako zimekuwa viwavi. Mbingu zinazunguka sekunde 15 za tao (vijisehemu vya nyuzi) kwa kila sekunde ya saa, kwa hiyo ndani ya sekunde kumi kila nyota imekimbia dakika mbili na nusu za tao. Hilo baadaye.

Ulitumia lenzi ya jicho ya ngapi?

#7 PaaLaTudor
Kwanza ya milimita 25. Nikaona ni ndogo nikaweka ya 10. Ndo ikawa moshi zaidi.

#8 FundiLenzi
Basi hapo ndipo kesi yako ilipo, wala si kwenye rodi na koni peke yake. Gawa fokasi ya darubini yako, 650, kwa 25, unapata ukuzaji mara 26. Gawa upana wa kioo, 130, kwa 26, mwanga unatoka kwenye lenzi kama mrija wa milimita 5, karibu upana wa mboni yako gizani. Ulipoweka ya 10, ukuzaji ukawa mara 65 na mrija ukabaki milimita 2. Kiwingu kile kile umekitandaza kwenye eneo kubwa zaidi, mng'ao wake umeshuka zaidi ya mara sita.

Na hili watu huwa hawaliamini: darubini haiwezi kuufanya wingu ung'ae kuliko unavyong'aa kwa macho matupu. Nyota ndiyo, kwa sababu ni nukta. Wingu hapana. Darubini inakupa ukubwa tu, mng'ao ni ule ule au pungufu. Hata ukichungulia kupitia kioo cha mita nane.

#9 Kaskazi78
Yaani mtu anunue darubini ya mamilioni aone moshi mkubwa zaidi?

#10 FundiLenzi
Moshi mkubwa zaidi na wenye mikunjo mingi zaidi. Ndiyo.

#11 MtuWaPwani_Dar
Wakuu, nimekaa palee na kahawa yangu. Endeleeni.

#12 MwanaKilifi
Mnaacha jambo lililo wazi. Mombasa ni kisiwa chenye bandari. Makreni ya Kilindini yana taa usiku kucha, Changamwe kule, Nyali huku, na hewa ina chumvi na unyevu hadi shati linakauka siku mbili. Mwanga unatawanyika ndani ya unyevu huo, anga lote linakuwa rangi ya chai ya maziwa. Rangi ya nebula itaponea wapi? Njoo Takaungu, kwetu kwenye shamba la minazi, uone tofauti. Jibu liko hapo, si kwenye jicho.

#13 Nyika200
Mimi niko Voi, anga langu ni jeusi kama chungu. Kioo milimita 200. Bado ni kijivu, MwanaKilifi. Mabawa yanaenea hadi yanatoka nje ya lenzi, mikunjo naiona, ile ghuba nyeusi inayoingia mpaka kwenye nyota nne naiona. Rangi? Katikati kabisa, siku nikiwa sijachoka, kuna kijani kidogo sana. Waridi sijapata kuona.

#14 ChakiNaUbao
Asante Nyika200. Na hicho kijani si bahati. Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins alielekeza spektroskopu, chombo cha kupasua mwanga katika rangi zake, kwenye nebula nyingine, iliyo kwenye kundi la Joka, akakuta mistari ya kijani isiyolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Wakaipa elementi hiyo jina, nebuliamu. Fumbo la mistari hiyo lilikaa miaka zaidi ya 60. Mwaka 1927 Ira Bowen wa Marekani akaonyesha kwamba ni oksijeni ya kawaida tu, iliyopoteza elektroni mbili, na iko kwenye gesi nyembamba kuliko ombwe tunaloweza kulitengeneza kwa pampu. Mstari wake mkuu uko nanomita 500.7, kipimo cha rangi ya mwanga. Rodi zetu za usiku kilele cha kuona kwao kiko karibu na hapo hapo.

Mstari mwekundu wa haidrojeni uko 656.3. Huko rodi karibu ni vipofu. Kwa hiyo kijivu alichokiona PaaLaTudor kwa sehemu kubwa ni kijani cha oksijeni, ila aliyekipokea hajui kukiita kijani.

#15 PaaLaTudor
Subiri. Kwa hiyo yule mtoto alikuwa anatazama kijani, akaona kijivu, na kitabu chake kikamwambia nyekundu?

#16 ChakiNaUbao
Na simu yako ikasema waridi. Ndiyo.

#17 Kaskazi78
Hapo sasa mashahidi wanne na kila mmoja ana lake. Mahakamani kesi hii ingetupwa.

#18 MiwaniYaBabu
Nauza miwani, kwa hiyo nisikilizeni kidogo. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 gizani kabla halijafikia uwezo wake. PaaLaTudor alikuwa na simu mkononi, na watoto foleni nzima bila shaka walikuwa na tochi. Kila ukitazama kioo cha simu unaanza upya. Halafu umri: lenzi iliyo ndani ya jicho lenyewe inageuka njano kadiri miaka inavyokwenda, na buluu na kijani vinakatwa. Mtoto wa miaka tisa anaona vizuri kuliko sisi wote humu. Sasa mkisema yeye ndiye aliyekosea nitashangaa.

#19 Shombo_wa_Likoni
Aleni karoti.

#20 MiwaniYaBabu
Karoti zinamsaidia aliyepungukiwa vitamini A. Wewe unayekula samaki kila siku hazikuongezei kitu.

#21 Nyika200
MiwaniYaBabu, hilo la giza nalipinga kwa upande mmoja. Kile kijani nilikiona vizuri zaidi usiku niliotoka jikoni moja kwa moja, taa bado iko machoni, nikainama kwenye lenzi. Nilipokaa gizani nusu saa umbo likapanuka na kijani kikapotea. Kama koni ndizo zenye rangi, basi kuzilaza koni kwa kukaa gizani ndiko kunakoua rangi. Wapo watazamaji wengine wanaosema hivyo hivyo.

#22 MiwaniYaBabu
Au jicho lako lilikuwa bado na kivuli cha taa ya jikoni. Ukitazama taa ya njano kisha ukageukia kitu cheupe, kinakuja na rangi ambayo haipo.

#23 Nyika200
Taa yangu ni nyeupe.

#24 MiwaniYaBabu
Hakuna taa nyeupe.

#25 Kumbukumbu_za_Kale
Nilete ya zamani kidogo. Mmoja aliniambia faragha kwamba Galileo ndiye aliyeigundua nebula hii. Hapana. Galileo aliuchora mshipi na upanga wa Jabari, na mwaka 1617 aliziona tatu kati ya zile nyota za katikati, lakini wingu lenyewe hakulitaja popote. Anayepewa heshima ni Mfaransa Peiresc, mwaka 1610. Picha ya kwanza kwa kamera ilipigwa na Henry Draper, daktari wa New York, tarehe 30 Septemba 1880, alifungua kamera dakika 51. Ikatoka nyeusi na nyeupe bila shaka. Kwa hiyo kamera ya kwanza ilikubaliana na mtoto wa Tudor.

#26 JaaNaSuheli
Na jina lenyewe tumewapa sisi watu wa bahari hii, au tuseme Waarabu, kisha tukaligawana. Tazama nyota zake: Rigel ni rijl, mguu. Saiph ni seif, upanga. Wazungu wanasema Orion, sisi Jabari. Hapa kwetu huchomoza amelala ubavu kama mtu aliyekula biriani ya Ijumaa, hana kusimama wima kama vitabuni.

#27 Shombo_wa_Likoni
Umbali wake? Niliona mahali miaka ya nuru 500.

#28 ChakiNaUbao
Hapana, ni karibu 1,350. Hiyo 500 na ushei labda umeichanganya na Betelgeuse, ile nyekundu ya bega, na ya huyo bado wanabishana. Mwanga ulioingia jichoni kwa yule mtoto ulitoka huko kabla mji wa Mvita haujawa mji.

#29 Kaskazi78
Narudi kwenye simu yangu. Hakuna aliyejibu: simu ilipaka rangi au haikupaka?

#30 FundiLenzi
Haya, nijibu mimi. Sensa ya kamera, ile sehemu inayopokea mwanga, haina rodi na koni. Kila kipikseli kina kichujio juu yake, chekundu, kijani au buluu, na kinakusanya mwanga kwa muda wote shata, yaani pazia la kamera, ikiwa wazi. Jicho linakusanya kwa sehemu ndogo ya sekunde kisha linamwaga na kuanza upya. Sekunde kumi za simu ni kama kukinga maji ya bomba linalodondoka usiku kucha, asubuhi una ndoo. Jicho linatumia kikombe na linamwaga kila mara. Rangi ilikuwepo kwenye matone.

Lakini usishangilie. Kamera za kawaida zina kichujio cha kuzuia infraredi, mwanga ambao jicho halioni, na kichujio hicho kinakula pia sehemu kubwa ya ule mstari mwekundu wa 656.3. Kinachobaki kinachanganyika na buluu ya haidrojeni na kijani cha oksijeni, ndipo inakuja waridi. Mtu akitoa kichujio hicho, nebula hiyo hiyo inageuka nyekundu kama juisi ya ukwaju iliyokolea. Nebula moja, kamera mbili, rangi mbili, na hakuna iliyopaka kitu.

#31 MtuWaPwani_Dar
Juisi ya ukwaju si nyekundu mkuu.

#32 FundiLenzi
Rozela basi.

#33 MwanaKilifi
Na zile za Hubble, darubini ya angani, je? Zile ni rangi halisi, maana iko juu ya hewa.

#34 ChakiNaUbao
Kamera za Hubble zinapiga nyeusi na nyeupe, kila picha kupitia kichujio kimoja, kisha wanazipa rangi wakiziunganisha. Ile maarufu ya nguzo za Nebula ya Tai, ya mwaka 1995, salfa imepewa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Ukikumbuka kwamba haidrojeni ile kwa kweli ni nyekundu na oksijeni ile ni kijani, utaona wamezihamisha makusudi ili gesi zitofautike. Salfa na haidrojeni zote ni nyekundu, zingeachwa hivyo zingemezana.

#35 Kaskazi78
NILISEMA.

#36 Bi_Mwanamvita
Yuwafurahi kama aliyepata mwali.

#37 Mhandisi_wa_Kivuko
Mada imenigusa kidonda. Nina kitako cha ikweta chenye mota, cha kuzungusha darubini ifuate nyota, nilichonunua kwa pesa ya akiba ya mwaka. Muuzaji akaniapia kinafaa popote duniani. Kitako hicho kinatakiwa kilazwe kulingana na latitudo ya mahali. Mombasa ni nyuzi 4 kusini. Skurubu yake inaishia 15. Nikamrudia, akaniambia niinue mguu mmoja wa tripodi. Nikauinua kwa tofali mbili, chuma cha uzani kikagonga mguu mwingine, darubini ikainama kama mlevi wa mnazi.

Na hata kingekubali, nilenge nini? Wenzetu wa kaskazini wana nyota ya Jaa pale pale kwenye ncha ya mbingu, ambapo nyota zote zinazungukia. Sisi Jaa imezama chini ya upeo, haituchomozei hata siku moja. Ncha ya kusini iko nyuzi 4 juu ya upeo, yaani ndani ya ukungu wa bahari upande wa Diani, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu hata anga likiwa safi.

#38 JaaNaSuheli
Manahodha walijua hilo zamani. Ukishuka kusini mpaka Jaa ikaingia majini, unasafiri kwa Suheli, nyota angavu ya kusini.

#39 Mhandisi_wa_Kivuko
Suheli haifungiki na skurubu, sheikh.

#40 FundiLenzi
Pole. Kata mbao umbo la kabari, uweke kitako juu yake, na chuma cha uzani kitumie kifupi. Ncha usiitafute kwa jicho, tumia nyota inayovuka utosini na utazame inateleza upande gani, urekebishe polepole.

PaaLaTudor naye ana tatizo la kinyume. Nebula hii inapita karibu utosini pa Mombasa, imepungua kama nyuzi moja na theluthi tu kufika katikati kabisa. Hewa ni nyembamba kuliko upande wowote, hakuna Mwingereza atakayeipata hivyo kwao. Lakini kitako cha kawaida cha juu-chini na kulia-kushoto kinapagawa utosini: kusogea kidogo kulia inabidi uzungushe darubini nusu duara.

#41 PaaLaTudor
Ndiyo maana! Nilikuwa nazunguka tangi la maji kama nimerogwa. Nikapata afadhali nilipolala chali kwenye mkeka.

#42 Fuko_la_Mchele
Naomba kupenyeza: lenzi yangu imeota kitu kama utando wa buibui ndani. Naweka kwenye ndoo ya mchele?

#43 FundiLenzi
Kuvu hiyo. Mchele haufyonzi kitu cha maana na unaacha vumbi. Tafuta chembechembe za silika, zile za kwenye maboksi ya viatu, ziwe nyingi, na boksi lenye kifuniko kinachobana. Ila utando ulioota tayari hautoki kwa kukaushwa.

#44 Fuko_la_Mchele
Shukran. Jina langu ndo limeharibika.

#45 Kumbukumbu_za_Kale
Kabla uzi haujahamia kwenye kuvu: mnajua kwamba setilaiti ya kwanza duniani ya kupima mbingu kwa eksirei ilirushwa baharini Malindi? Jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri na Uhuru wetu, ikapewa jina Uhuru. Nayo ilikuwa inatazama vitu ambavyo hata rodi hazivioni. Sasa mwanga wa eksirei una rangi gani?

#46 Shombo_wa_Likoni
Maalim, usituongezee shahidi wa tano.

#47 PaaLaTudor
Wadau, nimerudi na ripoti. Jumamosi tulikwenda Takaungu kwa MwanaKilifi. Watu sita, yule mtoto akiwemo kwa ruhusa ya mamake, na Bi_Mwanamvita alikuja na mahamri, Mungu amzidishie. Mwezi haukuwepo. Mbingu ya huko, jamani. Nilikuwa sijui kwamba Jabari ana nyota nyingi hivyo, nilimpoteza.

Nilitumia lenzi ya 25 kama alivyosema FundiLenzi. Dakika 30 hakuna simu. Kila mtu akachungulia dakika mbili, akaandika kwenye karatasi rangi aliyoiona, akakunja. Matokeo: kijivu watatu. "Kijani ya ukuta wa msikiti" mmoja, ndiye mtoto. "Kama bahari asubuhi kabla jua halijatoka" mmoja, huyo ni MwanaKilifi na amekataa kufafanua. Waridi mmoja.

Picha: kamera ya shemeji yangu, mpiga picha za harusi. Kwenye darubini ilikataa kushika fokasi, mrija wa darubini yangu hauingii ndani vya kutosha. Nikafunga lenzi ya milimita 200 juu ya tripodi, sekunde moja na nusu kila picha ili nyota zisiwe viwavi, picha 300. Dakika saba na nusu kwa jumla, na kila baada ya dakika chache nailenga upya kwa sababu imetoka nje ya fremu. Nyumbani nikazirundika ziwe picha moja kwa programu ya bure. Katikati ya rundo nikakuta bwana harusi mmoja anakata keki.

Sasa jambo lililonisumbua. Rundo la kwanza lilitoka rangi ya machungwa lote, mbingu na nebula. Nikavuta kitufe cha rangi kushoto, ikawa kijani. Nikavuta kulia, ikawa waridi, nikaridhika nikaacha hapo. Niliacha pale kwa sababu ndiyo kweli au kwa sababu ndiyo ile ya kitabu cha mtoto?

#48 FundiLenzi
Usivute kwa mkono. Chagua kwenye picha nyota inayofanana na jua letu, iambie programu kwamba hiyo ndiyo nyeupe, na nebula iende itakakokwenda.

#49 PaaLaTudor
Nimefanya sasa hivi. Imekwenda waridi iliyopauka, na pembeni buluu kidogo. Zambarau imetoweka.

#50 ChakiNaUbao
Sawa. Ila jua letu nalo nani amesema ni jeupe? Tumelichagua kwa sababu macho yetu yamekulia chini yake.

#51 Kaskazi78
Huyu mwalimu hataki kesi iishe. Nani aliona waridi Takaungu? Simu zilizimwa, lenzi ya 25, giza nusu saa. Kwa maelezo yote ya humu ndani haiwezekani.

#52 Bi_Mwanamvita
Mimi.

#53 MiwaniYaBabu
Mama, kwa heshima zote, umri wako na lenzi ya ndani ya jicho lako, ndiyo kwanza ungekosa hata kijani. Umewahi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho?

#54 Bi_Mwanamvita
Yote mawili, mwaka juzi. Wamenitilia lenzi mpya, nyeupe pe.

#55 MiwaniYaBabu
Aa. Hapo sasa inabidi nifikiri.

#56 Kaskazi78
Wala usifikiri. Alikuwa amejitanda leso ya waridi, mwanga umeakisi kwenye lenzi. Nimemaliza.

#57 Bi_Mwanamvita
Leso yangu ilikuwa ya kijani. Nilivaa doti moja, nilihakikisha kwa taa kabla ya kutoka. Na ile zambarau ya picha ya kwanza hakuna mtu aliyeiandika kwenye karatasi. Mwanangu PaaLaTudor, lini twarudi? Safari hini nileteeni hiyo lenzi ya kumi.